Mwenzako akigoma, talaka inapatikanaje?

"Nimemwambia tuachane, amekataa kusaini." Kila linapokuja suala la ndoa zilizoshindikana, sentensi hii haikosekani. Wengine husema "amegoma kunipa talaka", wengine wameambiwa usoni kwamba "utazeekea humu humu". Anayeuliza huwa ameshaamini kwamba mlango umefungwa na ufunguo anao mwenzake.

Si kweli. Kwa Tanzania Bara, ndoa huvunjwa na mahakama, haivunjwi kwa saini ya mume wala ya mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo pamoja na marekebisho yake, haina kifungu kinachosema kwamba lazima wote wawili wakubali. Inachotaka ni mahakama iridhike kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika tena. Mwenzako akigoma anaweza kukuchelewesha, kukuchosha na kukutia gharama. Kukuzuia kwa sababu tu hataki, hapana.

Kinachowakwamisha wengi si ugomvi wa mwenza, ni hatua walizoziruka. Shauri linafika mbele ya hakimu likiwa na kasoro ya karatasi moja, linatupwa nje, na yule aliyegoma anarudi nyumbani akitamba kwamba ameshinda. Kwa hiyo makala haya yanaeleza hatua hizo, na hasa nini cha kufanya pale mwenzako anapokataa kushiriki. Tunazungumzia Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, na huko ndoa za Kiislamu hushughulikiwa na Mahakama za Kadhi.

Neno lenyewe linatupotosha

Katika Kiswahili talaka "hutolewa". Mume anatoa, mke anapewa. Tumezoea kusikia "kaandikiwa talaka yake" au "kanyimwa talaka", na ndiyo maana mtu huona kwamba asipopewa basi hana. Katika dini na mila maneno hayo yana uzito wake, na hatuna nia ya kuyadharau. Lakini mbele ya sheria ya Bara, ndoa ya kanisani, ya msikitini, ya bomani na ya kimila zote huvunjwa kwa njia moja: amri ya mahakama.

Hii inakata pande mbili. Mume aliyeandika karatasi "nimekuacha leo" na kumpa mkewe nauli ya kurudi kwao, kisheria bado ana mke. Na mke ambaye mumewe ameapa kutomwacha si mfungwa wa kiapo hicho. Hata mahari isiwe kisingizio. Utasikia ukoo ukisema "rudisheni ng'ombe wetu kwanza". Madai ya mahari ni mgogoro mwingine unaoweza kupelekwa mahakamani peke yake, lakini uhalali wa ndoa chini ya sheria hii hautegemei mahari, na kuvunjwa kwake hakusubiri irudishwe.

Anayeweza kufungua shauri ni mume au mke, yeyote kati yao. Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kusikiliza. Wananchi wengi huanzia Mwanzo kwa sababu ipo karibu na mambo yake ni ya Kiswahili tangu zamani.

Kuna sharti moja la muda. Ikiwa ndoa haijatimiza miaka miwili, huwezi kuomba talaka mpaka kwanza mahakama ikupe ruhusa, na utatakiwa kuonyesha kwamba unapitia mateso yasiyo ya kawaida. Aliyeoa au kuolewa mwaka jana na tayari anapigwa, asikae kimya akisubiri tarehe. Aiombe ruhusa hiyo.

Barazani: asipokuja yeye, nenda wewe

Tuchukue mfano wa mama mmoja, tumwite Mama Neema. Ni mfano tu, lakini wa aina yake wapo wengi. Ameolewa miaka 14. Mumewe ni dereva wa lori, ana nyumba nyingine mji wa mbali na mwanamke anayeishi naye huko. Matumizi hatumi, ada za watoto analipa mama kwa biashara ya vitenge. Akiambiwa waachane kwa heshima anajibu, "Mimi sijamwacha mke wangu. Nani amekwambia nimekuacha?"

Mama Neema hawezi kwenda moja kwa moja mahakamani. Kifungu cha 101 kinamtaka apeleke mgogoro kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza hilo lithibitishe kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza haya yapo kwenye kata, na baadhi ya jumuiya za dini nazo zina mabaraza yaliyotambuliwa kwa kazi hiyo. Huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Baraza halivunji ndoa, wala halina uwezo wa kumnyang'anya mtu nyumba. Kazi yake ni kusikiliza, kujaribu kupatanisha, na likishindwa, kuandika hivyo.

Sasa mume amegoma kwenda barazani. Anapelekewa barua ya wito, anaichana. Anapigiwa simu, anasema yuko safarini. Wito wa pili, kimya. Hapa ndipo wanawake wengi, na wanaume pia, hukata tamaa na kuacha. Wanadhani bila yeye baraza haliwezi kufanya lolote.

Sheria imeliona hilo tangu 1971. Kama mwenzako ametakiwa kufika mbele ya baraza na kwa makusudi hakufika, ulazima wa kupitia usuluhishi unaondoka. Kugoma kwake hakumfungii mwenzake mlango. Lakini lazima kuwe na ushahidi kwamba aliitwa kweli: nakala ya wito, tarehe, nani aliupeleka, nani aliupokea au aliukataa. Iombe ofisi ya baraza iandike yote hayo, na iandike kwamba mlalamikiwa aliitwa mara kadhaa na hakutokea. Hati inayosema hivyo ina nguvu kuliko machozi yako mbele ya hakimu.

Mambo mengine yanayokuruhusu kwenda mahakamani bila kusuluhishwa ni haya: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko; anaishi nje ya nchi na hakuna dalili ya kurudi ndani ya miezi sita; amefungwa maisha au kifungo cha miaka mitano au zaidi; ana ugonjwa wa akili usiotibika; au yapo mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Hili la mwisho huamuliwa na mahakama kwa kuangalia kila kisa, kwa hiyo usilichukue kama njia ya mkato. Ukiweza kupata hati ya baraza, ipate.

Na hapa tusimame kidogo, kwa sababu hati hii ndiyo inayoangusha mashauri mengi kuliko kitu kingine chochote. Barua ya mwenyekiti wa mtaa si hati ya baraza. Barua ya mchungaji au imamu inayoeleza kwamba "nimewakalisha wanandoa hawa nikashindwa" nayo si hati ya baraza, ikiwa kikao hicho hakikuwa baraza linalotambuliwa. Ipo fomu maalumu kwa kazi hii, na inatakiwa ieleze kwamba baraza limeshindwa kusuluhisha. Tena ina umri: ombi la talaka linapofunguliwa, hati isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita iliyopita. Kuna watu waliopata hati, wakaiweka kabatini wakitafuta nauli na ada, wakaja kufungua shauri mwezi wa tisa. Hati imeshapitwa, wanarudishwa mwanzo. Wapo pia waliopewa talaka na mahakama za chini, kesi ikapanda kwa rufaa, na mahakama ya juu ikafuta kila kitu, mgawanyo wa mali ukiwemo, kwa sababu mwanzoni kabisa hapakuwa na hati halali. Hebu fikiria: miaka ya kesi, halafu unaambiwa ninyi bado ni mume na mke.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka barazani, soma karatasi uliyopewa. Majina yenu yameandikwa sawasawa? Ina tarehe, mhuri, saini ya mwenyekiti na majina ya wajumbe waliokaa? Inasema baraza limeshindwa kusuluhisha, au inasema tu "nendeni mahakamani"? Kama haieleweki, omba irekebishwe hapo hapo.

Wito unakataliwa, shauri linaendelea

Mama Neema amefungua ombi lake. Mahakama inatoa hati ya wito ili mume afike siku iliyotajwa. Ugomvi unaingia hatua ya pili: kukimbia wito.

Mbinu zinajulikana. Mtu anahama chumba, anazima simu, anawaambia wapangaji wenzake waseme hayupo. Mwingine anauona wito mezani na kusema "siupokei", akidhani asipougusa haumhusu. Kukataa kupokea hakumsaidii. Aliyepeleka wito anarudi na kuapa kwamba alimkuta, alimweleza, naye akakataa, na mahakama inaweza kuhesabu kwamba wito umefika. Akiwa hapatikani kabisa, mleta maombi anaweza kuiomba mahakama iruhusu njia nyingine ya kumfikishia, kwa mfano kubandika wito kwenye nyumba anayoishi au kutangaza gazetini. Tangazo la gazeti lina gharama, na si jambo dogo kwa mtu wa kipato cha vitenge. Ndiyo maana inafaa kukusanya mapema taarifa za mahali alipo: anakofanya kazi, jina la mwajiri, mtaa anaoishi, namba zake zote za simu, ndugu anayewasiliana naye.

Mahakama ikiridhika kwamba ameitwa ipasavyo na hakuja, inaweza kusikiliza shauri upande mmoja. Watu husikia hivyo wakadhani ni ushindi wa mezani, kama mpira timu moja isipotokea uwanjani. Sivyo. Bado unatakiwa kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika. Hakimu atakuuliza, atataka mashahidi, ataangalia vielelezo. Na yule aliyekimbia akijitokeza baadaye na sababu ya maana, kwa mfano wito haukumfikia kweli, anaweza kuomba hukumu hiyo iondolewe na shauri lisikilizwe upya. Huu ndio ubaya wa kufupisha njia kwenye wito. Wapo wanaotoa anuani ya uongo ili mwenzao asijue kuna kesi. Wanajichimbia shimo.

"Bado nampenda"

Ugumu mkubwa haupo kwa anayekimbia. Upo kwa anayekuja mahakamani, amevaa suti, anazungumza kwa upole, na kumwambia hakimu: "Mheshimiwa, mimi bado nampenda mke wangu. Sina ugomvi naye."

Kauli hiyo peke yake haiokoi ndoa, lakini inambadilishia mleta maombi kazi. Sasa lazima aonyeshe kwa ushahidi kwamba hakuna kilichobaki cha kurekebisha. Kifungu cha 107 kinataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kuwa ushahidi wa ndoa kuvunjika. Miongoni mwake ni ugoni, hasa ukiwa zaidi ya mara moja au unaoendelea licha ya mwenzi kulalamika. Ukatili wa mwili au wa akili kwa mwenzi au kwa watoto. Kutelekeza majukumu kwa makusudi. Kumhama mwenzi kwa hiari kwa angalau miaka mitatu. Kutengana kwa miaka mitatu au zaidi. Na kifungo kirefu.

Orodha hiyo si mtihani wa ndiyo au hapana. Kuthibitisha jambo moja hakukupi talaka moja kwa moja, na kukosa kutimiza jambo moja kikamilifu hakumaanishi umeshindwa. Mume wa Mama Neema amehama miaka miwili na miezi minane. Kwa kigezo cha kuhama pekee hajafikisha mitatu. Lakini ana mwanamke anayeishi naye, hatoi matumizi, hajakanyaga shuleni kwa watoto, na baraza limemwita akagoma. Mahakama huyaangalia yote kwa pamoja.

Ushahidi wa namna hii mara nyingi umo ndani ya nyumba na hatuuoni kuwa ni ushahidi. Risiti za ada zenye jina la mama peke yake. Miamala ya simu inayoonyesha nani alikuwa akituma na nani aliacha kutuma. Ujumbe wa matusi au vitisho, ambao haupaswi kufutwa hata kama unauma kuusoma. Fomu ya polisi PF3 kwa aliyepigwa, na taarifa ya Dawati la Jinsia na Watoto. Jirani aliyeamua ugomvi usiku. Aliyekimbia kipigo atoe taarifa mapema polisi au ustawi wa jamii, ili baadaye mwenzake asije akageuza kibao na kusema "yeye ndiye aliyetoroka ndoa".

Kuna kikwazo kingine ambacho hakisemwi sana. Mahakama, isipokuwa kwa sababu maalumu, hukataa kutoa talaka kama ombi limesimama juu ya makosa ya mwombaji mwenyewe tu. Mwanaume aliyeoa mwanamke mwingine kinyemela, akampiga mkewe, kisha akaenda kuomba talaka kwa sababu "hatuelewani tena", asishangae akiulizwa nani ameileta hali hiyo.

Na tuseme ukweli: si kila anayekataa ni mkorofi. Wengine wanaamini kweli kwamba ndoa inaweza kupona, na hakimu akiona dalili hiyo anaweza kuahirisha ili wajaribu tena. Lakini ukichunguza kukataa kwingi, chini yake utakuta nyumba. Au kiwanja. Au hofu ya kukosa watoto.

Wanandoa wa Kiislamu wana kifungu chao. Baraza likishathibitisha kushindwa kusuluhisha, na baada ya hapo mmoja akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, kama mume kutamka talaka, mahakama inapaswa kuona kuwa ndoa imevunjika na kutoa amri. Mpangilio ndio wenye maana hapa: hati kwanza. Talaka iliyotamkwa sebuleni kabla ya baraza, hata ikiwa tatu kwa mkupuo, haiwezi kuziba nafasi ya hati.

Asiuze nyumba wakati kesi inaendelea

Aliyegoma kuachana mara nyingi hagomi kuuza. Sheria inakataza mwenzi kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ukihisi kuna mnunuzi anayezungushwa, usingoje hukumu. Waweza kuweka zuio kwa msajili wa hati kama nyumba imesajiliwa, na kuiomba mahakama inayosikiliza shauri itoe amri ya kuzuia. Toa taarifa kwa maandishi serikali ya mtaa pia, kwa sababu mauziano mengi ya viwanja visivyopimwa hupita hapo.

Vitisho vya "utatoka kama ulivyoingia" navyo vina jibu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika mali ya wanandoa. Mke hahitaji kuwa na risiti ya saruji ili awe na fungu. Lakini fungu hilo si lazima liwe nusu, linategemea mchango uliothibitishwa, kwa hiyo haidhuru kutunza hizo risiti kama unazo. Kwa watoto, mahakama hutazama maslahi yao kwanza, na sheria inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama, isipokuwa ikionyeshwa vinginevyo. Aliyenyimwa mtoto kama adhabu ya kudai talaka aliseme hilo mapema ndani ya shauri.

Msaada, na karatasi ya mwisho

Wakili si lazima, ingawa kwa mali nyingi anasaidia. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wilayani wanaosaidia bila malipo kuandika ombi na kueleza hatua. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza waliko. TAWLA na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao wamekuwa wakipokea mashauri ya ndoa kwa miaka mingi. Jihadhari na watu wanaoshinda nje ya uzio wa mahakama wakiuza "fomu ya talaka". Hakuna fomu inayouzwa pale ambayo mume akisaini mmeachana.

Hukumu ikitoka, aliyegoma anaweza kukata rufaa, na ana haki hiyo. Muulize karani siku hiyo hiyo mwisho wa rufaa ni tarehe gani, na usifunge ndoa nyingine kabla muda huo haujapita. Omba nakala ya hukumu na ya amri ya talaka, kisha isajili RITA ili upate cheti cha talaka. Hatua hii hairukwi tu na wavivu, hurukwa na watu waliochoka. Wengine huikumbuka miaka kadhaa baadaye, siku wanapotaka kuoa au kuolewa tena, au siku mwenzi wa zamani amefariki na ukoo unabishana nani alikuwa mke. Kwa usajili huo pia, saini ya aliyegoma haihitajiki.